Raia, mpiganaji, au bado hajulikani: namna ya kuhesabu waliouawa unaporipoti uasi

Tarehe 29 Novemba 2022 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Kishishe, kijiji cha eneo la Bwito, wilayani Rutshuru, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, baada ya kupambana na FDLR, waasi wenye asili ya Rwanda, na wanamgambo wa Mai-Mai Mazembe na wa kundi moja la Nyatura. Haikupita wiki na kila upande una namba yake. Jeshi la Kongo lilianza na raia 50. Serikali ikapanda hadi mia na zaidi, kisha tarehe 5 Desemba ikatangaza 272. M23 wakasema raia waliokufa ni 8, wote kwa risasi zilizopotea. Siku chache baadaye Umoja wa Mataifa ukatoa matokeo ya awali: watu 131 waliuawa Kishishe na Bambo tarehe 29 na 30, wanaume 102, wanawake 17 na watoto 12.

Sehemu ya ubishi huo ilihusu idadi ya maiti. Sehemu ngumu zaidi ilihusu nani aitwe raia. Mhariri aliyekaa Goma, Nairobi au Dar es Salaam akisubiri taarifa ya jioni hawezi kumaliza ubishi wa namna hii kwa simu mbili, ila anaweza kuripoti bila kuwa msemaji wa upande wowote. Hatua zifuatazo ni kwa ajili yake, na kwa mwandishi aliye uwanjani anayemtumia ujumbe wa sauti. Mifano mingi nimeitoa mashariki mwa Kongo kwa kuwa huko kazi hii inafanyika kwa Kiswahili karibu kila siku.

Hatua ya 1: Chora safu tatu kabla hujapiga simu

Fungua ukurasa mpya wa daftari, au jedwali kwenye kompyuta. Safu ya kwanza iwe ya raia, ya pili ya wapiganaji, ya tatu ya wale ambao hadhi yao haijathibitishwa. Safu hii ya tatu ndiyo inayookoa habari. Wengi hawaichori, basi maiti yoyote isiyo na maelezo inasukumwa upande mmoja au mwingine kufuatana na nani alikuwa wa kwanza kutoa tamko.

Pembeni mwa kila mstari weka nani amesema, ameona mwenyewe au amesimuliwa, na saa ngapi amekwambia.

Ukipokea namba iliyohesabiwa na wengine, uliza walipanga vipi safu zao. Katika miaka ya mwanzo ya vita vya Syria, kituo cha ufuatiliaji kilichonukuliwa mno duniani, Syrian Observatory for Human Rights, kiliwaweka wakazi waliochukua silaha kupigana na serikali katika kundi moja na raia, na wanajeshi walioasi kikawaweka peke yao. Hakikuficha jambo hilo, lakini vyombo vingi vilinakili neno "raia" na kuyaacha maelezo. Kwa vita hivyohivyo, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2022 kwamba raia 306,887 waliuawa kati ya Machi 2011 na Machi 2021. Hao ni raia peke yao. Ukiiweka namba hiyo kando ya jumla ya vifo vyote vya vita, msomaji ataona kama mmoja amedanganya, kumbe kila mmoja amehesabu kitu chake.

Hatua ya 2: Jua unamwita nani raia

Hapa usiende haraka, maana hapa ndipo habari nyingi huharibika.

Sheria ya kivita, yaani Mikataba ya Geneva ya 1949 na Itifaki zake za Ziada za 1977, inamtazama mtu kwa kazi anayoifanya vitani. Raia hapotezi kinga yake isipokuwa anaposhiriki moja kwa moja katika mapigano, na kwa muda ule tu anaoshiriki. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa ufafanuzi mwaka 2009: kwa makundi yenye silaha yasiyo ya serikali, anayehesabiwa mpiganaji ni yule mwenye kazi ya kudumu ya kupigana. Kuwapenda waasi, kuwalipa kodi barabarani, kuwapikia au kuwa na mtoto wa kiume aliyejiunga nao hakumfanyi mtu kuwa mpiganaji.

Ukishika hilo, kesi za kila siku zinaanza kujipanga, ingawa si zote.

Mwanajeshi aliye likizo nyumbani kwake bado ni mwanajeshi. Akiuawa sebuleni haingii safu ya raia, hata kama alikuwa amevaa kaptura. Mke wake na watoto ni raia, na Kongo hili lina uzito wake kwa sababu familia nyingi za askari huishi nao kambini au jirani kabisa na maeneo ya jeshi. Kombora likianguka kambini, "kambi ya jeshi imepigwa" hakuambii waliokufa ni nani. Uliza juu ya wanawake na watoto kabla mtu hajakutajia.

Mpagazi aliyekamatwa njiani na kubebeshwa magunia au maboksi ya risasi ni raia. Wapo wanasheria watakaobishana nawe juu ya anayebeba risasi kwa hiari yake hadi mstari wa mbele. Anayebebeshwa kwa mtutu hana ubishi.

Mtoto wa miaka 14 aliyekufa na bunduki mkononi anaingia safu ya wapiganaji, na umri wake unaandikwa papo hapo. Kumwandikisha au kumtumia vitani mtoto aliye chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita. Ndilo kosa lililomtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012. Ukimwandika "mpiganaji" ukakaa kimya juu ya umri, umeficha uhalifu mmoja ndani ya takwimu.

Mkusanya ushuru wa waasi, katibu wa ofisi waliyoianzisha, mwalimu anayelipwa nao: raia, isipokuwa upate ushahidi kwamba alikuwa pia na kazi ya kupigana.

Walinda amani wawe na mstari wao. Kwa kawaida askari wa Umoja wa Mataifa hulindwa kama raia mradi hawajawa upande mmojawapo wa vita. Kongo iliuchanganya mpaka huo tangu 2013, pale azimio 2098 la Baraza la Usalama lilipounda brigedi ya kuingilia kati, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kuipa ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha. Desemba 2023 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nayo ikaanza kupeleka kikosi chake, SAMIDRC, kulisaidia jeshi la Kongo. Wanajeshi wa nchi hizo tatu waliouawa Januari 2025 upande wa Sake na Goma usiwachanganye na raia wala usiwafiche ndani ya "wapiganaji". Taja nchi na kikosi, msomaji ataelewa.

Halafu kuna Wazalendo. Wapo Wazalendo wenye bunduki, makundi ya vijana yanayopigana bega kwa bega na jeshi dhidi ya M23, na hao wakifa wakipigana ni wapiganaji. Lakini tarehe 30 Agosti 2023, mjini Goma, wanajeshi walivamia waumini wa dhehebu moja la kidini waliokuwa wakijiandaa kuandamana kuupinga ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Dhehebu hilo nalo liliitwa Wazalendo. Serikali ilitaja waliokufa 43, majeruhi 56 na waliokamatwa 158, na baadaye maofisa wa jeshi walifikishwa mahakamani. Mwandishi aliyeandika tu "Wazalendo 43 wauawa" alimwachia msomaji wa Kampala au Mwanza picha ya wanamgambo walioanguka vitani. Jina la kundi peke yake halitoshi. Uliza walikuwa na nini mikononi na walikuwa wakifanya nini.

Tahadhari hiyohiyo ilihitajika Kasese, Uganda, Novemba 26 na 27, 2016, majeshi yalipovamia kasri la mfalme wa Rwenzururu baada ya polisi kushambuliwa. Hesabu ya serikali ilisimama kwenye watu 103. Human Rights Watch iliorodhesha watu wasiopungua 153, wakiwemo watoto 15. Waliokuwa ndani ya kasri waliitwa kwa ujumla walinzi wa mfalme, kana kwamba kila aliyekutwa ndani ya ua ule alikuwa askari.

Na shaka ikibaki? Kifungu cha 50 cha Itifaki ya Ziada ya Kwanza kinasema wazi: ikiwa hakuna uhakika, mtu achukuliwe kuwa raia. Kanuni hiyo iliandikwa kwanza kwa ajili ya mwenye kidole kwenye kifyatulio, imzuie kabla hajafyatua, na wachunguzi wa haki za binadamu wana sababu nzuri za kuifuata. Kazi ya mwandishi wa habari ni kusema anachokijua. Kwa maoni yangu, asiyejulikana abaki safu ya tatu. Ukimwandika raia kwa kubahatisha, siku picha yake akiwa amebeba bunduki itakapozunguka WhatsApp, waliomuua watatumia kosa lako moja kuwakana wengine kumi waliokuwa raia kwelikweli.

Hatua ya 3: Mchimbe aliyekupa namba

Kila mtoa namba ana nafasi aliyokaa. Msemaji wa jeshi huwa na hesabu kubwa ya waasi waliouawa na hesabu ndogo, au hana kabisa, ya askari wake. Waasi nao vivyo hivyo, kinyume chake. Makundi yenye silaha hujitahidi kuondoka na maiti zao, kwa hiyo zinazobaki kijijini asubuhi haziwakilishi wote waliokufa usiku. Wenyeviti wa mashirika ya kiraia hujua watu kwa majina, na wengi ni jasiri kupita kiasi, ila wapo wanaoishi mjini wakikusanya taarifa kwa simu kama wewe. Hospitali inajua waliofikishwa hospitalini. Wazikaji wa Msalaba Mwekundu wanajua waliozikwa na wao.

Swali la kwanza kwa kila mmoja liwe: umeona mwenyewe? La pili: ulijuaje kwamba ni raia? Chukua mfano wa simu kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya huko Masisi. Mazungumzo nimeyatunga, lakini anayefanya kazi hii atayatambua.

— Jambo papa. Tumesikia mmepokea maiti kutoka kule juu.

— Ndiyo. Watu tisa.

— Wote umewaona wewe?

— Nimeona sita. Watatu walizikwa kulekule, wazikaji ndio waliniambia.

— Hao sita unawafahamu?

— Wanne ni wa hapa. Wawili hapana. Mmoja wao alikuwa na suruali ya kijeshi.

— Na hao wanne wa hapa, papa, hakuna aliyekuwa na kundi?

— (kimya) Mmoja alikuwa anakesha na vijana. Zamu ya usiku.

— Zamu ya bunduki au ya filimbi?

— Filimbi. Bunduki sijawahi kumwona nayo.

— Alikutwa wapi?

— Kwake. Mlangoni.

Simu imeanza na "tisa". Imeisha na watu wanne wanaotambulika, ambao kwa maneno ya mtu anayewajua walikuwa raia, akiwemo kijana wa filimbi. Wawili wa safu ya tatu. Na watatu ambao hata idadi yao ni ya kusimuliwa. Yule wa suruali ya kijeshi usimhamishe bado. Nguo za jeshi zinauzwa, zinaokotwa, zinarithiwa. Piga simu nyingine kwa wazikaji, na ya tatu kwa mtu wa kijiji cha jirani, kisha uone kama majina yanafanana. Ukipata majina manne kutoka pande mbili zisizowasiliana, una habari.

Angalia pia maswali yalivyokwenda. Hakuna lililomtaka muuguzi aseme nani ameua. Kituo chake kipo kwenye barabara ambayo kesho inaweza kushikwa na upande mwingine.

Usipofika eneo la tukio, sema hukufika. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawakuweza kuingia Kishishe. Waliwahoji manusura na mashahidi 52 huko Rwindi, kilomita 20 hivi kutoka kijijini, na wakaliandika hilo pamoja na matokeo yao. Waliandika pia kwamba M23 ilizika maiti, jambo waliloliona kuwa huenda lilikuwa jaribio la kupoteza ushahidi. Hesabu yao ilipingwa, lakini msomaji alijua imetoka wapi.

Hatua ya 4: Usidanganywe na mavazi, jinsia wala kilichokuwa mkononi

Masisi na Rutshuru karibu kila mkulima ana mabuti ya mpira, kwa sababu ya tope, na panga, kwa sababu ya shamba. Picha ya maiti yenye mabuti na panga imekuonyesha mtu wa vijijini. Zaidi ya hapo haijasema kitu.

Kutazama nguo kuna faida yake unapotazama kwa undani. Je, matundu ya risasi kwenye shati yanalingana na majeraha? Sare ni safi wakati mwili umejaa damu na udongo? Colombia ndiyo iliyoifundisha dunia maswali haya. Kati ya 2002 na 2008, kwa hesabu ya mahakama maalumu ya amani ya nchi hiyo, watu 6,402 waliuawa na wanajeshi kisha wakatangazwa kuwa waasi waliofia vitani. Wengine walivishwa sare baada ya kufa, na zilipatikana maiti zenye viatu vya mguu wa kulia kwenye mguu wa kushoto. Askari walikuwa wakizawadiwa likizo na vyeo kwa idadi ya maiti.

Jinsia ni mtego mwingine. Katika wale 131 wa matokeo ya awali ya Kishishe, 102 walikuwa wanaume. Mtu mwenye haraka ataona hiyo ni dalili ya vita: wanaume wengi, basi wapiganaji wengi. Rudi nyuma miaka 14, Rutshuru hiyohiyo, mji wa Kiwanja, Novemba 2008. CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, iliwaamuru wakazi waondoke, kisha wapiganaji wake wakapita nyumba kwa nyumba wakiwaua waliobaki, wengi wao wanaume na vijana, kwa madai kwamba ni Mai-Mai waliovua sare. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa kuwa 150. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha raia 67. Wanaume wanapochambuliwa na kutengwa na wake zao kabla ya kuuawa, wingi wa wanaume kati ya maiti unaonyesha muuaji alichagua nani. Kwa hiyo uliza walikufa wakiwa wapi na katika hali gani: ndani ya nyumba, kanisani, kwenye foleni, mikono imefungwa, risasi ya karibu kichwani? Majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko umri na jinsia.

Kinyume chake pia kipo, nacho kisifichwe kwa huruma. Wanawake wamo katika makundi ya mashariki mwa Kongo, na baadhi yao hubeba silaha. "Mwanamke" siyo ushahidi wa uraia, kama ambavyo "kijana wa kiume" siyo ushahidi wa upiganaji.

Hatua ya 5: Hadhi ya marehemu na uhalali wa kumuua ni maswali mawili

Mpiganaji aliyejisalimisha, aliyejeruhiwa asiweze kupigana, au aliyekamatwa analindwa. Kifungu cha 3 kinachorudiwa katika mikataba yote minne ya Geneva kinakataza kumuua. Kwa hiyo msemaji akikujibu "hao walikuwa waasi" hajamaliza habari, uliza waliuawa lini na vipi.

Na raia aliyeuawa vitani hajawa moja kwa moja mhanga wa uhalifu wa kivita; huenda alipigwa na risasi iliyolengwa kwingine. Hilo nalo lina hatua zake za uchunguzi, na hapa silifuati.

Hatua ya 6: Namba kubwa zivunje kabla ya kuzichapa

M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, taarifa ya Umoja wa Mataifa ilisema maiti zisizopungua 900 zimehesabiwa katika hospitali na vituo vya afya vya mji huo, na majeruhi 2,880. Hizo zilikuwa maiti za wote: wakazi waliopigwa na makombora majumbani, askari, Wazalendo, waasi. "Watu 900" ni sahihi. "Raia 900" si sahihi. Tarehe 24 Februari, mjini Geneva, Waziri Mkuu wa Kongo Judith Suminwa Tuluka alisema waliokufa mashariki mwa nchi tangu Januari wamezidi 7,000, na kwamba zaidi ya 2,500 kati yao walizikwa bila kutambuliwa. Ukiripoti kauli ya aina hiyo, kipande cha pili kiwe ndani ya sentensi ileile na cha kwanza. Maelfu waliozikwa bila majina ni maelfu ambao hakuna anayeweza kuwagawa leo kati ya raia na wapiganaji, na usikubali mtu akugawie.

Kwa takwimu za muda mrefu utakutana na ACLED, shirika linalokusanya takwimu za migogoro duniani, ambao data yao inatumiwa na karibu kila mtu. Ni kazi nzuri, ila isome ilivyo. Vifo vilivyowekwa chini ya "mapigano" havijagawanywa kati ya raia na wapiganaji, kwa hiyo raia aliyekufa kwa risasi iliyopotea yumo humo. Pia taarifa ya awali ikisema "makumi", wao huandika 12; ikisema "mamia", huandika 100. Ni kanuni ya kujihadhari, na inaeleweka. Tatizo ni mwandishi anayechukua 12 hiyo na kuichapa kama hesabu ya mtu aliyekwenda kuhesabu makaburi.

Hatua ya 7: Andika sentensi inayobeba shaka yako

Linganisha.

"Jeshi laua waasi 20 Masisi."

"Jeshi lasema limewaua waasi 20 Masisi. Wakazi wawili waliozungumza nasi kwa nyakati tofauti wanasema angalau watano kati ya waliozikwa walikuwa wakulima wa kijiji hicho. Hatukuweza kufika eneo hilo."

Ya pili ni ndefu na haitoshi kwenye kichwa cha habari. Kichwa kiwe basi "Jeshi lasema limeua waasi 20, wakazi wapinga". Neno "lasema" hapo ndilo linalokutofautisha na msemaji wa jeshi.

Mambo mengine madogo ya uandishi. "Wakiwemo raia" bila namba ni maneno yanayopendwa mno na hayamwambii mtu kitu. Taja wangapi au sema idadi yao haijulikani. Usiseme "angalau" kwa namba ambayo huna hakika nayo, kwa sababu "angalau" ni ahadi kwamba haitashuka. Usijumlishe namba za vyanzo viwili vilivyohesabu kijiji kimoja. Na chagua kitenzi kwa ushahidi ulio nao: "ameuawa" kinahitaji muuaji, "amekutwa amekufa" kinahitaji maiti tu.

Redioni ni vigumu zaidi, msikilizaji harudi nyuma kusoma. Toa namba moja, mwenye namba hiyo, na jambo moja lisilojulikana. Hizo nyingine zibaki kwa toleo la maandishi.

Hatua ya 8: Majina

Orodha ya majina ni ushahidi bora kuliko namba yoyote, na ni hatari kuliko namba yoyote. Ikusanye, ihifadhi mbali na simu unayopita nayo vizuizini, lakini usiichapishe kabla familia hazijakubali. Jina la mtu unayemwandika "mpiganaji" usilitoe kabisa bila sababu nzito. Mkewe na wazazi wake wanaishi bado kijijini, na kijiji kinabadilisha mikono. Hata "raia" linaweza kuleta balaa kwa shahidi, kama ni mtu mmoja tu aliyeweza kukwambia. Ukisema "muuguzi wa kituo cha afya" katika eneo lenye kituo kimoja cha afya, umemtaja jina.

Hatua ya 9: Rudi kwenye jedwali

Safu ya tatu isifungwe siku habari inapotoka. Weka tarehe ya kurudi: baada ya wiki, wakimbizi wanapoanza kuzungumza kambini, baada ya mwezi, na kila ripoti ya uchunguzi inapotolewa. Miezi kadhaa baada ya Kishishe, Umoja wa Mataifa ulipandisha hesabu yake kutoka 131 hadi watu 171, ikiunganisha Kishishe na Bambo kwa siku kumi za mwisho wa Novemba. Aliyekuwa ameandika "131, kwa matokeo ya awali, Novemba 29 na 30" aliongeza mstari mmoja tu. Aliyeandika "131" tupu ilibidi aeleze kwa nini namba ya jana imebadilika.

Unapohamisha mtu kutoka safu ya tatu kwenda ya kwanza au ya pili, andika kwenye jedwali ni nani aliyekuhamisha mawazo na kwa ushahidi gani. Habari ya zamani mtandaoni usiibadilishe kimyakimya: weka juu yake tarehe ya marekebisho, namba ya awali, namba mpya na chanzo chake.